Je, ni dhambi kuacha kuombea mguu wangu?

Ukurasa huu hupokea maswali ya wasomaji kuhusu imani na maisha ya nyumbani. Safari hii barua nne zimegusa jambo moja, nalo ni tumaini la kuponywa kwa watu ambao miili yao imelemaa au imechoka kwa wingi wa miaka. Naanza na ile iliyoninyima usingizi.

SWALI: Nina umri wa miaka 41 na ninaishi Kadutu, hapa Bukavu. Nilipata polio nikiwa na miaka mitatu; mguu wa kushoto haukukua tena kama wa kulia, na tangu hapo natembea kwa magongo mawili. Ninauza nguo za mitumba, ninaimba sauti ya pili katika kwaya, na nina watoto wawili. Kila anapokuja mhubiri mgeni kanisani kwetu, mimi ndiye wa kwanza kuitwa mbele. Mwaka jana mmoja wao alininyang'anya magongo akaniamuru nitembee kwa jina la Yesu. Nilipiga hatua mbili nikaanguka mbele ya watu wote, wanangu wakiwamo. Akasema imani yangu ni haba, kisha akauliza kama mama yangu hakuacha deni kwa mizimu. Mama amefariki, hawezi kujitetea. Mungu nampenda, lakini nimechoka kuombewa mguu. Je, nikiacha kuomba kupona ninatenda dhambi? Na nikiendelea kutumaini, ninajidanganya? (Dada wa kwaya, Bukavu)

JIBU: Dada yangu, pole sana. Kabla ya lolote, niruhusu niombe radhi kwa niaba ya sisi tunaokaa kwenye mabenchi siku kama ile, tunaopiga makofi mhubiri anapoinua magongo ya mwenzetu juu kama nyara ya vita, kisha mwenzetu akianguka tunatazama sakafu. Nasema "sisi" kwa sababu nami nimewahi kukaa kwenye benchi la namna hiyo na nikanyamaza.

Nianze na mama yako, kwa kuwa yeye ndiye asiyeweza kusema. Nilifanya kazi ya uuguzi kwa miaka mingi kabla ya kuandika katika jarida hili, na polio naijua. Ni ugonjwa wa virusi vinavyoingia kwa kinywa, kupitia maji au mikono michafu, na vikifika katika uti wa mgongo huua chembe za neva zinazoendesha misuli. Kati ya watoto 200 walioambukizwa, ni mmoja hivi anayepooza. Wengine hupata homa kidogo au hawaoneshi dalili yoyote. Maana yake ni kwamba mwaka ule ulipougua, huenda watoto wengi wa mtaa wenu walikuwa na virusi vilevile, wakaendelea kucheza, na mama zao hawakuulizwa habari za mizimu. Hilo ndilo deni lote la mama yako. Na wanao kama hawajapata matone yao yote ya chanjo, wapeleke, kwa sababu Afrika ilitangazwa mwaka 2020 kuwa imeimaliza polio yake ya mwituni, lakini ile aina inayotokana na virusi dhaifu vya chanjo bado inazunguka nchini mwetu pale ambapo watoto wengi hawakuchanjwa.

Sasa nije kwenye swali lenyewe. Nilipohesabu miaka yako nilishtuka: 41 ukitoa 3 ni 38. Katika Injili ya Yohane, sura ya 5, kuna mtu aliyelala kando ya birika la Yerusalemu akiwa hawezi kwa miaka thelathini na minane. Mhubiri wako bila shaka amewahi kumhubiri mtu yule, lakini nadhani hakumsoma hadi mwisho. Yesu hakumwamuru kwanza, alimwuliza: "Wataka kuwa mzima?" Na yule mtu hakujibu kwa imani hata kidogo, alilalamika tu kwamba hana wa kumtia birikani, na kwamba wengine humtangulia. Mstari wa 13 unasema kwamba hata baada ya kupona hakumjua aliyemponya. Hapo imani kubwa iko wapi? Tena ukumbini palikuwa na umati wa vipofu, viwete na waliopooza, na Injili inasimulia kuponywa kwa mmoja. Wale wengine walirudi kulala kwenye mikeka yao, wala hakuna mstari unaosema kwamba walikosa imani au kwamba wazazi wao walikosa.

Kuhusu wazazi jibu liko wazi zaidi katika sura ya 9, wanafunzi walipotaka kujua ni nani aliyetenda dhambi hata mtu akazaliwa kipofu. "Huyu hakutenda dhambi, wala wazazi wake." Ningependa maneno haya yaandikwe juu ya mlango wa kila chumba cha maombi cha jiji hili.

Na kama ni lazima tupime imani ya mtu, basi tuanze na waliombeba. Katika Marko 2 watu wanne walimleta mwenye kupooza, wakakuta nyumba imejaa, wakatoboa paa na kumshusha na godoro lake. Injili inasema Yesu aliiona imani yao, yaani ya wale wabebaji. Mgonjwa mwenyewe hatujui aliamini nini. Labda alikuwa na aibu tu, au anaogopa kuanguka. Tangu nilipoona neno hilo "yao", nimekuwa nikijiuliza kuhusu makanisa yetu ya Bukavu, ambayo kwa sababu ya milima yamejengwa juu ya ngazi, na wakati wa mvua ngazi hizo huteleza hata kwa mwenye miguu miwili mizima. Tunamwombea mwenzetu mguu kila Jumapili, na kila Jumapili tunamwacha apande peke yake. Wale wanne walibomoa paa la mtu. Sisi hatujabomoa hata ngazi moja. Sheria ya nchi ya tarehe 3 Mei 2022 kuhusu haki za watu wenye ulemavu inataka mahali pa umma pafikike, lakini kamati ya ujenzi ya kanisa haipaswi kungoja serikali ili imwage saruji ya mteremko mmoja.

Unauliza kama ni dhambi kuacha kuomba. Mtume Paulo alikuwa na mwiba katika mwili, na wataalamu hawajakubaliana mpaka leo ulikuwa kitu gani. Anasema alimsihi Bwana mara tatu, akajibiwa: "Neema yangu yakutosha." Hatusomi kwamba aliomba mara ya nne. Mtu ambaye leso zake zilipelekwa kwa wagonjwa wa Efeso wakapona, yeye mwenyewe alibaki na mwiba wake, na mwishoni mwa waraka wa pili kwa Timotheo anaandika kwa kifupi tu: "Trofimo nalimwacha huko Mileto, hawezi." Lile neno "hawezi" ni Kiswahili cha zamani, cha wakati ambapo mtu akiulizwa hali hujibu "siwezi", nalo lilimaanisha kuugua. Paulo alimwacha rafiki yake mgonjwa, akaendelea na safari, na hakumwandikia neno la lawama. Kwa hiyo, dada, hapana, si dhambi. Umeomba kwa miaka mingi, umesikiwa, na unaruhusiwa kuzungumza na Mungu habari nyingine.

Je, kutumaini ni kujidanganya? Hapa nitakwenda polepole, kwa sababu sitaki kuwa mtu wa pili kukunyang'anya kitu. Mimi naamini kwamba Mungu huponya. Lakini naamini pia kwamba tumaini ni mali ya mwenye mwili, wala si kipimo ambacho mgeni wa siku tatu anaweza kukiweka mikononi mwako mbele ya watu na kudai majibu kabla ya sadaka kukusanywa. Mmarekani Joni Eareckson Tada alivunjika shingo mwaka 1967, akiwa na miaka 17, alipopiga mbizi mahali penye maji mafupi. Alikwenda katika mikutano ya Kathryn Kuhlman, mhubiri wa uponyaji aliyekuwa maarufu sana wakati ule, na amesimulia jinsi wahudumu walivyowatoa mapema watu wa viti vya magurudumu ili wasisababishe msongamano, wakajikuta wamepangwa foleni kwenye lifti, wote vilevile walivyoingia. Mwanamke huyo hakuacha imani. Mwaka 1979 alianzisha huduma ambayo imepeleka viti vya magurudumu katika nchi nyingi, na bado anangoja mwili mpya siku ya ufufuo. Hilo nalo ni tumaini la kupona, ila halimlazimishi mtu kuuchukia mwili alio nao leo.

Ukitaka mfano wa karibu na meza, soma 2 Samweli 9. Mefiboshethi, mjukuu wa Sauli, alikuwa na kilema cha miguu yote miwili tangu yaya wake alipomwangusha akikimbia vita. Daudi hakumwita ili amsimamishe. Alimrudishia mashamba ya babu yake na kumwekea kiti mezani pa mfalme sikuzote. Sura hiyo inafungwa kwa kusema kwamba alikuwa akila pale, naye alikuwa na kilema cha miguu yote miwili, na mwandishi wala haoni ugumu wowote katika kuweka mambo hayo mawili katika sentensi moja.

Akija mhubiri mwingine, zungumza na mchungaji wako kabla ya ibada, si wakati kipaza sauti kimeshafika kinywani mwako. Mwambie: "Nitaombewa nikitaka, kwa jambo nitakalolitaja mwenyewe, na magongo yangu nitabaki nayo." Bartimayo alikuwa kipofu waziwazi, hata hivyo Yesu alimwuliza anataka afanyiwe nini, mhubiri hajamzidi Yesu kwa kujua. Labda unataka maombi kwa ajili ya biashara yako, au kwa ajili ya mabega, ambayo nina hakika yanauma baada ya miaka mingi ya magongo. Na jambo moja la kiuguzi: waliougua polio utotoni, baada ya miaka 15 hadi 40, baadhi yao hupata uchovu na udhaifu mpya wa misuli. Ukiona hivyo usikubali kuambiwa kwamba ni pepo limerudi. Nenda kwa wataalamu wa mazoezi ya viungo. Hapa Bukavu kituo cha Heri Kwetu kinajulikana kwa kazi hiyo.

SWALI: Mama yetu ana miaka 74 na tunaishi naye Goma. Alikwenda maombi ya kufunga ya siku tatu, akarudi na furaha, akatupa dawa zake za tansio. Macho yake yana ukungu, hatutambui mpaka tuseme. Anasema akienda kwa daktari atakuwa amemwambia Mungu kwamba hamwamini. Tukimbishia analia. Tumsaidieje bila kumvunjia heshima? (Mtoto wa kwanza, Goma)

JIBU: Mwanangu, yako mambo mawili, na moja halingoji. Tansio haina kelele. Mtu mwenye shinikizo kubwa la damu anaweza kujisikia vizuri kabisa hadi siku ya kiharusi, na ndiyo maana kujisikia mzima baada ya maombi hakuthibitishi chochote, wala hakukanushi. Usibishane naye kuhusu Mungu. Mwombe akubali kupimwa mara moja, wiki hii, ili kama Mungu amemponya mashine iseme hivyo na nyote mfurahi. Kanisa Katoliki lenyewe halitangazi muujiza bila vipimo: huko Lourdes, Ufaransa, ambako mahujaji humiminika tangu 1858, ofisi ya madaktari huchunguza kila dai tangu 1883, na miujiza iliyokubaliwa rasmi ni kidogo tu zaidi ya 70. Kama namba iko juu, arudie dawa siku hiyohiyo kwa ushauri wa daktari.

Kisha msimulie habari ambayo huenda anaijua nusu. Denis Mukwege, mzaliwa wa Bukavu, ni mtoto wa mchungaji wa Kipentekoste. Akiwa na umri wa miaka minane hivi aliandamana na baba yake kumwombea mtoto mgonjwa, akashangaa kwa nini baba aliomba tu asimpe dawa, ilhali yeye alipougua nyumbani alipewa. Baba akamjibu kwamba yeye si daktari. Mtoto akaamua kwamba baba ataomba naye atatibu. Ndiye aliyeanzisha hospitali ya Panzi mwaka 1999 na kupata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018, na hospitali hiyo iko chini ya kanisa hilohilo la Kipentekoste. Baba hakuona kwamba mwanawe amemsaliti Mungu. Ikiwa mama anasoma Biblia yenye kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 38 inamwagiza mgonjwa aombe na kisha ampe tabibu nafasi yake, katika ukurasa uleule.

Macho: sharti yaangaliwe, kwa sababu kuna maradhi mawili yanayofanana kwa mtu wa nyumbani. Mtoto wa jicho ni lenzi iliyoingia ukungu, na ndio unaoongoza duniani kwa kuwafanya watu wasione. Huondolewa kwa upasuaji ambao mara nyingi hauzidi nusu saa, ikawekwa lenzi ndogo ya kutengenezwa, na mgonjwa huweza kurudi nyumbani siku hiyo. Presha ya jicho ni kitu kingine: uoni uliopotea haurudi, matone hulinda tu uliobaki, na kila mwezi wa kungoja muujiza huku dawa zimeachwa hula sehemu ya kile ambacho kingeokolewa.

Nakuachia neno moja nililojifunza kwa wagonjwa wazee, ambalo halimo katika vitabu vya uuguzi. Mara nyingi bibi anayekesha akiomba aponywe macho anaomba asiwe mzigo. Amesikia mkwe akilalamika kuhusu maji ya kuoga, ameona mjukuu akitumwa kumsindikiza chooni na kununa. Kwa hiyo muulize anataka kuona nini akipona. Pengine ni Biblia yake, pengine ni mlango wa choo usiku. La pili mnaweza kulitengeneza kesho kwa taa na kamba ya kushikia ukutani. Na mkiingia chumbani tajeni majina yenu kabla ya salamu. Isaka alipofifia macho, watu wa nyumba yake waliutumia upofu wake kumdanganya. Mama yenu asilazimike kupapasa mikono ili ajue ni yupi aliyesimama mbele yake.

SWALI: Baba yangu ni Mwislamu mwenye miaka 80, magoti hayainami tena. Anasema kuswali ameketi ni swala pungufu, na anangoja Mungu amrudishie magoti. (Msomaji wa Birere, Goma)

JIBU: Nilimwuliza shehe wa mtaani kwetu, ambaye naye sasa huswali akiwa kwenye kiti. Alinikumbusha hadithi ya Imran bin Huswayn, aliyekuwa mgonjwa, na Mtume akamwambia aswali amesimama, asipoweza, ameketi, asipoweza, kwa ubavu. Aliyeruhusiwa hajapunguza kitu. Akaongeza hadithi nyingine inayosema watu wajitibu, kwani kila ugonjwa umeteremshiwa dawa isipokuwa mmoja, nao ni uzee. Shehe alicheka alipofika hapo. Naamini baba atacheka pia, kisha mnunulie kiti kigumu kisichoyumba.

SWALI: Nilikuwa katekista kwa miaka 33. Sasa nina miaka 82, moyo umechoka. Binti yangu anataka nipewe Mpako wa Wagonjwa, lakini mke wangu anasema tukimwita padri tunakiita kifo. (Katekista mstaafu, Bukavu)

JIBU: Mzee wetu, shikamoo. Mama ana sababu ya kuogopa, kwa kuwa enzi za ujana wenu sakramenti hii iliitwa mpako wa mwisho, na padri alipoonekana kwenye kilima na mafuta yake majirani walianza kutafuta mbao. Lakini Mtaguso wa Vatikano wa Pili mwaka 1963 ulisema wazi kwamba si sakramenti ya wanaokata roho peke yao, na mwaka 1972 Papa Paulo VI aliirekebisha ibada yake. Mtu anaweza kupakwa anapoanza kuwa hatarini kwa ugonjwa au kwa uzee, na akazidiwa tena baadaye, anapakwa tena. Yakobo 5 inasema waitwe wazee wa kanisa waombe na kupaka mafuta, na ombi lenyewe ni la kuinuliwa. Unaruhusiwa kabisa kuomba moyo upate nguvu huku ukimeza vidonge vyako, na unaruhusiwa pia kumwambia Mungu kwamba umechoka. Wewe uliyewafundisha wengine sala unajua Zaburi ngapi zinasema hivyo.

Mama asipotulia, msimfanyie jambo hili kwa siri. Tarehe 11 Februari ni Siku ya Wagonjwa Duniani, iliyowekwa na Papa Yohane Paulo II, na parokia nyingi hutoa mpako siku hiyo kwa wagonjwa na wazee kwa pamoja, katikati ya Misa. Akiona majirani thelathini wamepakwa na kurudi nyumbani kula chakula cha mchana, hofu itapungua. Binti aende parokiani siku chache kabla kuandikisha jina lako, na aombe nafasi karibu na mlango wa pembeni, kwa sababu ule wa mbele una ngazi nyingi.